Ahadi Kabla ya Zawadi

Mhadhara kwa wenye biashara na wasimamizi wa kazi, Kampala



Swali lililotukutanisha huulizwa Kikuubo kwenye maduka ya jumla, huulizwa Katwe kwenye karakana za vyuma, huulizwa viwandani Namanve na katika ofisi za Nakasero: nifanye nini watu wangu wajitume? Anayeliuliza huwa na uchungu wa kweli. Ameitia akiba yake yote katika biashara, amekopa benki kwa riba inayomnyima usingizi, kisha anaingia dukani saa nne asubuhi anamkuta muuzaji ameinamia simu huku mteja amesimama mlangoni hana wa kumkaribisha. Anahisi ameonewa. Na kwa kuwa swali lenyewe ni la siku nyingi, majibu yake yamekuwa bidhaa: picha ya mfanyakazi bora wa mwezi ukutani, fulana zenye nembo ya kampuni, siku ya michezo ufukweni Entebbe, msemaji wa kukodiwa anayekuja kuwapandisha watu mori kwa saa mbili kisha akaenda zake.

Sina ugomvi na vitu hivyo. Ninachosema ni kwamba mahali pavyo ni nyuma, na wengi tunavitanguliza. Mtu hujituma kwa mwajiri ambaye neno lake analiamini. Anaamini kwamba mshahara utafika siku iliyotajwa, kwamba kipimo cha kazi yake hakitageuzwa katikati ya mwezi, kwamba hatatukanwa mbele ya wateja, kwamba miaka anayoitoa itamwachia kitu mkononi. Imani hiyo isipokuwapo, zawadi huliwa na kesho yake mambo yakarudi yalivyokuwa.

Ushahidi wa kwanza uko hapa hapa mjini.

Wazee waliomo humu wanakumbuka jinsi mshahara ulivyokufa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa watu ambao mitaani waliitwa mafuta mingi. Wengi wao hawakujua bidhaa inaagizwa wapi wala mashine inatunzwa vipi. Bidhaa zikaadimika, magendo yakashika nafasi ya biashara, bei zikapanda mwaka hadi mwaka, na mshahara wa mwezi wa mtumishi ukafika mahali pa kununua chakula cha siku chache tu. Watu hawakuacha kazi. Walijifunza kuwapo kazini bila kufanya kazi: koti limetundikwa kitini, mwenye koti yuko shambani au sokoni akiwatafutia watoto riziki. Sikubali kwamba watu hao walikuwa wavivu. Walihangaika kutwa nzima, ila nguvu zao hawakuzipeleka kwa mwajiri, kwa sababu mwajiri alikuwa amekwisha kuvunja ahadi. Mazoea hayo yalidumu hata zama hizo zilipokwisha, na naamini sehemu ya kile ambacho waajiri wa leo wanakiita uzembe wa Kampala ni urithi wa miaka ile.

Mwaka 1991 serikali ilijaribu dawa kali. Iliunda Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, nje ya utumishi wa kawaida, ikawapa watumishi wake mishahara iliyokuwa mara nane hadi tisa ya ile ya wenzao wa wizarani wenye vyeo vinavyolingana. Hesabu ilikuwa hii: mtoza kodi aliyeshiba hatakuwa na haja ya rushwa, na kwa kuogopa kuipoteza kazi nono atachapa kazi. Mwanzoni matokeo yalifurahisha. Mapato ya kodi yaliyokuwa kama asilimia 7 ya pato la taifa yalipanda hadi karibu asilimia 12 kabla miaka ya 1990 haijaisha. Kisha yakasimama hapo, na rushwa ikarudi kwa kiasi cha kuundiwa tume ya uchunguzi mwaka 2002, chini ya Jaji Julia Sebutinde.

Ilikuwaje? Mtafiti wa Kinorwe, Odd-Helge Fjeldstad, alikifuatilia kisa hiki kwa miaka, na aliyoyaona yanafaa kusomwa na kila mwenye biashara. Mishahara ile minono iliachwa vile vile huku gharama za maisha zikipanda. Mtumishi aliyeingia kwa ahadi ya maisha mazuri akawa anaitazama ahadi ikipukutika. Waliofukuzwa kwa rushwa nao walichukuliwa na makampuni binafsi yaliyotaka watu wanaozijua njia za ndani ya mamlaka, kwa hiyo kufukuzwa kukakosa makali. Lakini lililonizindua mimi kuliko yote ni hili: aliyepata kazi URA hakuipata peke yake. Ukoo mzima uliipata. Ndugu walikuja na ada za shule, matanga, harusi, mgonjwa aliyelazwa Mulago, na walikuja kwa kadiri ya mshahara waliousikia. Aliyelipwa mara nane alidaiwa mara nane na zaidi, na asingeweza kuwafungia mlango watu waliouza ng'ombe ili yeye asome.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema lipa vizuri na yote yatanyooka, mwambieni aende Nakawa akasimame mbele ya lile jengo refu la URA aitafakari habari hii. Pesa ilifanya kazi kubwa, tena haraka. Haikuweza kufanya kazi ya kulindwa kwa thamani yake mwaka baada ya mwaka, wala kazi ya haki, wala kazi ya kuaminiana.

Wanafunzi wa biashara mlio humu mmefundishwa habari za Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959 pamoja na wenzake alichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Walisema mshahara mbaya huleta kinyongo, ila mshahara mzuri peke yake hauleti ari. Ari huletwa na kazi yenyewe, na kutambuliwa, na kukua. Kwa sehemu kubwa nakubaliana naye. Lakini wahandisi wa Pittsburgh walijua watakula nini usiku ule. Mwajiri wa Kampala anayemsoma Herzberg akahitimisha kwamba mshahara si kitu, aongeze sifa na vyeti, ameruka nusu ya kwanza ya maneno yake, ile inayohusu kinyongo. Na kinyongo ndicho kilichojaa katika maduka yetu.

Sasa tuzungumze tarehe ya mshahara, maana hapa nataka tukae.

Mchukueni msichana anayeuza katika moja ya arkedi za katikati ya mji. Anaishi chumba kimoja Bwaise au Namuwongo, na mwenye nyumba anataka kodi kabla mwezi haujaanza, pengine ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Ana mdogo wake shuleni, na ada inadaiwa mara tatu kwa mwaka, Februari, Mei na Septemba. Asubuhi anapanda taksi. Jioni mvua ikinyesha nauli inapanda. Mshahara wake ukichelewa siku kumi, hawezi kukaa akausubiri. Atakopa kwa jirani, atakopa kwenye simu, atakula kwa deni kwa mama wa chakula, na atalipa riba kwa ajili ya pesa ambayo ni jasho lake mwenyewe. Tarehe 5 anaposimama mbele ya mteja, mawazo yako kwa mwenye nyumba. Bosi anaona uso uliokunjamana, anasema huyu hana ari.

Kuchelewesha mshahara siku kumi ni kumkopa mfanyakazi bila riba na bila kumwomba. Wenye biashara hawapendi nikilisema hivyo, lakini tazameni mambo yanavyokwenda: mzigo umekwama Mombasa, mteja mkubwa hajalipa, na wa kwanza kubebeshwa pengo ni yule aliye mnyonge kuliko wote, kwa kuwa benki ina wanasheria na mwenye jengo ana kufuli. Najua pengo ni la kweli. Basi lisemeni mapema. Mwajiri anayewakusanya watu tarehe 20 akawaambia, jamani, mteja wetu hajalipa, nitatoa nusu tarehe 30 na nusu tarehe 8, kisha tarehe 8 ikifika akatoa, huyo imani ya watu wake haikupungua. Pengine imeongezeka, maana wameonyeshwa hesabu ya nyumba. Anayezima simu na kupita mlango wa nyuma ataajiri sura mpya kila baada ya miezi michache, na kila mara atasema vijana wa siku hizi hawafai.

Na sura mpya zina gharama. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Detroit kilikuwa kinapoteza watu kwa kasi ya asilimia 370 kwa mwaka, yaani kila nafasi ilibidi ijazwe zaidi ya mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Januari 1914 alitangaza dola 5 kwa siku ya saa nane, takriban maradufu ya malipo ya awali, na wimbi la kuondoka likapungua sana. Ford hakuwa mtu wa huruma. Alituma hata wakaguzi majumbani kwa wafanyakazi kuchunguza wanavyoishi, jambo ambalo simwombi yeyote aliige. Alikuwa amepiga hesabu akaona kufundisha watu wapya kila siku kunamla. Duka la Kikuubo halina mizani ya Ford, lakini mteja anayerudi dukani akakuta muuzaji aliyemzoea ameondoka, na mpya hajui bei wala bidhaa ilipowekwa, naye huhesabika.

Yako mambo madogo yanayoonyesha mwajiri ana neno gani. Anayelipa kwa pesa ya simu ajue kwamba kutoa kuna ada ya mtandao na, tangu 2018, kodi ya serikali juu yake. Mkikubaliana mshahara fulani, basi kiasi hicho kifike mkononi kamili. Karatasi ya malipo, inayoonyesha kilichopatikana na kilichokatwa na sababu ya kukatwa, ni haki ya mfanyakazi katika Sheria ya Ajira ya 2006, na ni nusu ukurasa tu. Sheria hiyo hiyo inataka masharti ya kazi yaandikwe na kukabidhiwa ndani ya wiki 12 tangu mtu aanze, na inampa siku saba za likizo kwa kila miezi minne aliyofanya kazi. Kanuni za 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua kwa zaidi ya miezi minne mfululizo. Ni wangapi mjini humu wamekuwa vibarua miaka sita, katika duka lile lile, kwa mwajiri yule yule? Mtu unayemwambia kila asubuhi kwamba kesho si lazima awepo, utamdaije ajali biashara yako ya mwakani?

Liko pia la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 10, na tangu marekebisho ya sheria ya 2022 wajibu huo ni wa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Sasa iko tabia ya kukata zile 5 na kutozipeleka. Leo mfanyakazi anaitazama akaunti yake kwenye simu. Siku atakapoona miezi minane haina kitu, ilhali kila mwisho wa mwezi alikatwa, hakuna fulana wala sherehe ya Desemba itakayolifuta jambo hilo moyoni mwake. Ningependa kila mwajiri aliyemo humu, kabla hajafikiria zawadi yoyote, ajiulize kwanza kama deni hilo liko mlangoni kwake.

Mtaniuliza, kiasi gani basi ni haki? Sheria ya nchi haitusaidii. Kima cha chini tulicho nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada mpya na Rais hakuutia saini. Kwa hiyo katika mji huu kila mwajiri amejitungia kima chake, na kinachobaki kumwongoza ni dhamiri yake pamoja na bei za sokoni, ambazo kila mtu anazijua. Anayelipa mshahara usiofika tarehe 15 asishangae mauzo mengine yakipita pembeni. Wizi ni wizi, siutetei. Ila mwenye biashara aliyepanga mshahara usioweza kumlisha mtu amepanga pia, ajue asijue, mahali ambapo upungufu utatafutiwa.

Nije kwenye kipimo. Wenye biashara wengi wanapenda kulipa kwa matokeo: uza zaidi upate zaidi. Ni mpango mzuri, na unataka uangalifu, kwa sababu utapata kile hasa ulichokilipia, hakuna zaidi. Mnajua habari ya hesabu ya daladala za Dar es Salaam. Dereva na konda humpelekea mwenye gari kiasi maalumu kila jioni, mafuta juu yao, kinachobaki ndicho chao. Taksi nyingi za Kampala huendeshwa vivyo hivyo. Huwezi kusema madereva hao hawana ari. Wanaamka saa kumi usiku na kulala saa tano. Lakini ari hiyo inakwenda kwenye mbio, kwenye kujaza watu kupita kiasi, na Dar es Salaam kwenye kumwacha mwanafunzi kituoni kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Mwenye gari hakuagiza mtoto aachwe. Aliagiza hesabu, na mtoto hayumo katika hesabu.

Kwenye arkedi zetu jambo hilo lina sura nyingine. Mwenye duka hutaja bei ya chini, na muuzaji huchukua kinachozidi. Muuzaji hodari hujipatia, na bosi hulala usingizi. Lakini mteja kutoka Masaka aliyeuziwa viatu kwa maradufu ya bei, akamwona jirani yake ameuziwa nusu yake, hatarudi tena dukani humo. Muuzaji hana hasara. Hasara ni ya jina la duka. Kama mnataka wateja warudi, sehemu ya malipo ifungwe kwenye kurudi kwa wateja. Kama mnataka mashine itunzwe, fundi anayeitunza apate chake mashine isipoharibika. Na kipimo kikishawekwa, kisiguswe katikati. Hakuna kinachovunja watu moyo kama kupandishiwa lengo mwezi ule ule walioweza kulifikia.

Tena si kila kipimo ni cha pesa. Huko Lusaka, Zambia, kulifanyika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014 na Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack. Vinyozi na wasusi wa mji ule waliombwa wawauzie wateja wao kondomu za kike. Wengine waliahidiwa asilimia ya mauzo. Wengine hawakuahidiwa pesa. Walipewa bango la kutundika saluni, na kila wakiuza waliongezewa nyota ambayo kila aingiaye anaiona. Wenye nyota waliuza maradufu ya wenye asilimia. Nawaomba msilichukue hili kuwa ruhusa ya kulipa nyota badala ya mshahara. Wale walikuwa na saluni zao na riziki zao; kazi ile ilikuwa ya nyongeza, yenye manufaa kwa afya ya majirani. Lakini inaonyesha jinsi mtu anavyopenda wema wake uonekane na watu wanaomjua. Picha ya mfanyakazi bora ukutani inashindwa mara nyingi kwa sababu kila mmoja anajua alichaguliwa na nani, na kwa nini. Nyota za Lusaka hazikuchaguliwa na bosi. Zilihesabiwa mbele ya macho ya watu.

Hapo nimeingia kwenye heshima, na historia yake katika kanda hii ni kubwa kuliko tunavyoikumbuka. Amin alipopindua serikali hapa Kampala Januari 1971, chama tawala cha Tanzania, TANU, kilishtuka, na Februari kikatoa tamko lililoitwa Mwongozo. Kifungu cha 15 cha tamko hilo kilisema kiongozi asiwe mwenye majivuno, asipende anasa, asiwadharau wala kuwaonea watu. Kilikusudiwa viongozi wa chama na serikali, ila wafanyakazi wa viwandani walikisoma wakaona kinawahusu mameneja wao. Katika miaka miwili iliyofuata, viwanda na makampuni kadhaa vilishuhudia watu wakiweka zana chini, wengine wakimfungia meneja mlango asiingie. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda chenyewe. Serikali ilivumilia mwanzoni, kisha wengine walipotaka kuiga ikatumia polisi, na watu wakarudishwa makwao. Waandishi wa zama zile, Issa Shivji akiwa mmoja wao, walionyesha jambo linalonigusa mpaka leo: sehemu kubwa ya malalamiko haikuwa juu ya mshahara. Watu waligoma kwa matusi, kwa ubabe, kwa meneja asiyetaka kusikiliza. Walikuwa tayari kupoteza ujira wa siku kwa ajili ya namna walivyosemeshwa.

Nauliza basi, katika mji huu ambako hata muuza ndizi barabarani huitwa ssebo au nnyabo, na salamu ya Kiganda haikatizwi hata mtu akiwa na haraka, kwa nini bosi anaingia dukani na neno lake la kwanza ni umeuza kiasi gani? Kwa nini msimamizi anamkaripia mama mwenye umri wa mama yake mbele ya foleni ya wateja? Nimeona duka lenye wauzaji sita wanaosimama kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku, na kiti kimoja tu, cha bosi ambaye hayupo. Kiti ni pesa ngapi? Chakula cha mchana cha posho na maharage kikipikwa hapo hapo, watu wote wakala pamoja na msimamizi akala nao, kinarudisha nguvu za alasiri ambazo hakuna hotuba inayoweza kuzirudisha. Na mfanyakazi akija kusema kwamba mashine ya tatu inapoteza mafuta, au kwamba wateja wanaulizia saizi ambayo hatuna, asikilizwe, na wiki inayofuata aambiwe ushauri wake umefikia wapi, hata kama umekataliwa. Anayesema mara tatu bila kujibiwa hatasema mara ya nne, na biashara imepoteza macho yake.

Ndugu, hasa wenye biashara za kifamilia, niwatajie pia wale mnaowaleta kutoka kijijini. Mpwa anakuja kusaidia dukani, analala ndani, anakula nyumbani, na kwa kuwa ni mtoto wetu hana mshahara wala tarehe. Kila akihitaji kitu huomba. Baada ya miaka minne ana miaka 24, hana akiba, hana karatasi, na siku anapochukua pesa kwenye droo tunasema kijana ameharibika. Undugu hauondoi haja ya makubaliano. Mwandikieni yake kama mnavyomwandikia mgeni, kisha undugu uje juu yake.

La mwisho ni hofu ninayoisikia sana, hasa kwa mafundi: nikimfundisha ataondoka. Ni kweli, baadhi wataondoka. Mwaka 2020 Livia Alfonsi na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika hapa Uganda, wakiwalinganisha vijana waliosomeshwa miezi sita katika vyuo vya ufundi na wale waliofunzwa ndani ya biashara ndogo ndogo. Makundi yote mawili yalipata kipato kizuri kuliko vijana wasiofunzwa. Lakini wenye cheti cha chuo, kazi ikiisha, walipata nyingine kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mwajiri mpya angeweza kuuamini ujuzi wao. Waliofunzwa karakanani ujuzi wao ulijulikana na bosi wao tu. Mwenye hila ataona hapo njia ya kumfunga mtu asiondoke. Mimi naona mtu aliyefungwa hivyo atakaa, lakini atakaa na koti lake kitini.

Hapa nchini uko utaratibu wa kumpima fundi kwa kazi ya mikono yake na kumpa hati ya ujuzi alioupata kazini, hata kama hakumaliza shule. Mwajiri anayempa fundi wake siku ya kwenda kupimwa, na siku hiyo akamlipa, amemwambia kwa vitendo kwamba miaka yake si ya kupotea bure. Wengine wataichukua hati wakafungue karakana yao ng'ambo ya barabara. Katwe imejengwa hivyo, na siku inapokuja oda ya mageti 40 ya shule moja, ni jirani huyo utakayemwomba akusaidie nusu ya kazi, kwa sababu unajua alivyofundishwa kuunga chuma, na yeye anajua pesa yako hulipwa siku uliyosema.

Nakomea hapo tupate muda wa maswali. Ningeomba wa kwanza kuuliza awe mmoja wa wafanyakazi waliomo humu.